Kabla Jina Halijaingia Daftarini: Mwongozo kwa Wazazi wa Kibumba

Mzazi wa Kibumba, kama mzazi yeyote wa Kongo, ana siku 90 tangu mtoto azaliwe za kumwandikisha eta sivili bila kulipa. Ndivyo inavyosema Sheria ya Familia ya mwaka 1987 baada ya kurekebishwa mwaka 2016. Siku hizo zikipita, mtoto hapati akte yake ya kuzaliwa mpaka mahakama itoe hukumu, na mahakama ina safari, ina mashahidi, ina gharama. Jina nalo likishaingia daftarini limefungwa. Kifungu cha 64 cha sheria hiyohiyo kinakataza kubadili jina lote au sehemu yake, kubadili tahajia yake, hata kupanga upya mfuatano wake, isipokuwa mahakama iruhusu kwa sababu ya haki.

Wazazi wengi huanza kujuta jina mtoto akiwa na miaka sita au saba, siku anaporudi kutoka shule akilia. Ninakuomba ujiulize mapema, mtoto akiwa bado mgongoni, maana ndani ya miezi hiyo mitatu kubadili mawazo hakukugharimu kitu. Nimeandika kwanza kwa ajili ya anayechagua jina sasa. Yule ambaye tayari ameshatoa jina na limeanza kumnyima usingizi asome mpaka mwisho, sehemu yake ipo.

Jina la mtoto wa kwanza ni lenu pia

Kwetu mwanamke akishajifungua mara ya kwanza, jina lake mwenyewe linabaki kwenye kadi ya uchaguzi. Mtaani na shambani anakuwa Mama Furaha au Mama Kambale, na mumewe anakuwa Baba Furaha au Baba Kambale. Hata wakizaliwa wengine saba baadaye, hawabadilishi kitu. Kwa hiyo unapochagua jina la mtoto wa kwanza unachagua na lile mtakaloitwa ninyi wawili mpaka uzeeni.

Basi lijaribu. Mtume mtu asimame upande wa pili wa shamba la kabichi akuite kwa sauti, "Mama" ikitangulia. Kibumba ni mahali pa kuitana kwa mbali: mashamba yamepanda miteremko kati ya volkano za Mikeno na Nyiragongo, upepo unavuma, na lori linalopakia kabichi, karoti, puaro na viazi kwenda Goma halizimi injini kwa ajili ya mazungumzo ya mtu. Jina lenye silabi sita linafika nusu. Halafu jiulize kama uko tayari mnunuzi wa soko la Virunga akuite mbele ya watu: "Mama Mateso, shusha mifuko mitatu hapa."

Majina ya saa ya uchungu

Nimetaja Mateso makusudi. Majina ya aina hiyo yako mengi Kivu: Mateso, Masumbuko, Machozi, Matata, Vita. Hayakutolewa kwa ukatili. Mwezi wa saba mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kibumba, kipindupindu kikawafyeka, na mwaka 1996 kambi yao ikashambuliwa. Mwaka 2012 vita vya waasi wa M23 vikafika huku, na mwaka 2022 vikarudi; watu wa Kibumba wakateremka barabara ya taifa namba 2 mpaka Kanyaruchinya, wakalala ndani ya vibanda vya turubai juu ya mawe ya volkano. Mama aliyejifungulia pale alikuwa na haki ya kusema lililompata. Na kwa kuwa hakuna aliyekuja kumwuliza, alilisema kwa jina la mtoto.

Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaijua desturi hii. Tabu, Shida na Mashaka ni majina ya watu wazima wenye heshima zao. Wapo pia wazee, huku na kule, waliotoa jina baya kwa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufariki, wakiamini kwamba kifo hakitamtamani. Simcheki mtu aliyezika watoto wawili akafanya hivyo kwa wa tatu.

Utaambiwa kwamba jina gumu halimzuii mtu kufika mbali. Ni kweli. Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu wa nchi hii kuanzia mwaka 2012 hadi 2016, na sauti ya Tabu Ley ilichezwa Afrika nzima. Lakini hao wawili tunawajua kwa kuwa walishafika. Mtoto wako atakaa kwanza darasani na wenzake hamsini au sitini, mwalimu ataita majina kila asubuhi, na wenzake hawatajua habari za Kanyaruchinya wala uchungu wako. Watasikia neno tu, na neno hilo watalifanyia kazi wakati wa mapumziko.

Ushauri wangu ni huu: usiifiche habari, ila usiiandike kama jina lake. Ukitaka siku ile ikumbukwe, itazame upande wake wa pili. Ni nani alikubebea mzigo barabarani? Ni mwanamke gani wa Goma alikufungulia mlango wa nyumba yake? Mkunga aliyekuzalisha usiku bila taa aliitwa nani? Wapo wazazi wengi huku waliompa mtoto jina la mtu wa namna hiyo, na mtoto akiuliza, anapata habari yote: kwamba kulikuwa na vita, na kwamba kulikuwa na mtu. Safari, Musafiri na Shukuru nayo ni majina yanayokumbuka njia bila kumtwisha mtoto kilio.

Kuna mama ambaye sitaki apite hapa bila kusemeshwa. Ni yule aliyebeba mimba kwa kubakwa, na jina lililomjia mdomoni ni la kumlaani aliyemfanyia vile. Mama, hakuna anayeweza kukuhukumu. Lakini unazo siku 90, huna lazima ya kusema jina leo matenite. Mwombe mama mwingine unayemwamini, au mhudumu wa kituo cha afya anayesikiliza wanawake waliopatwa na hayo, mkae mlizungumze jina peke yake, mbali na shauri la baba. Sheria inakuruhusu kumtangaza mtoto eta sivili wewe mwenyewe kama mama, na kifungu cha 58 kinasema jina lisiwe la matusi, la kudhalilisha wala la uchokozi. Kifungu hicho kinamlinda mtoto, na kinakulinda wewe pia, maana ndiwe utakayelitamka jina hilo mara ishirini kwa siku.

Jina na kabila

Hapa ndipo wazazi wa Kivu ya Kaskazini wanapokosa usingizi zaidi, na hapa nitakaa.

Kwetu jina linataja kabila kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Ukisikia Kasereka au Kavira, umejua ni Mnande. Ukisikia Habimana au Nsengiyumva, umejua nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda. Majina ya Kikumu, ambayo ndiyo ya wenyeji wa utawala wa Bukumu, mengi yanakaribiana na ya Kinyarwanda kiasi kwamba mtu aliyetoka mbali hawezi kuyatenganisha. Na huyo aliyetoka mbali, mara nyingi ndiye amesimama kwenye barieri na bunduki, anasoma kadi yako.

Kwa sababu hiyo wazazi wengi wamekimbilia majina ya Kiswahili: Bahati, Amani, Baraka, Neema, Furaha, Riziki, Tumaini, Ushindi. Jina la Kiswahili halisemi mtu ni wa mlima gani. Mnande analipokea, Mkumu analipokea, Mhutu, Mhunde na Mshi wanalipokea. Mimi nayapenda majina haya, wala si kwa woga. Ni majina ambayo watoto wa mtaa mmoja wanaweza kuitana bila mtu kujiuliza nani amekaa upande gani.

Lakini naona wazazi wanaokwenda mbele zaidi, wanaofuta kabisa jina la babu ili mtoto "awe salama". Hapo nasema hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya ardhi. Siku mashamba ya ukoo yatakapogawanywa, wazee watakaa na mtoto wako atatakiwa aseme yeye ni wa nani. Mtu anayeitwa Amani Baraka Trésor atahitaji mashahidi wa kumweleza. Mwenzake anayebeba jina la babu yake amekwisha kujieleza. Ya pili ni kwamba mtoto atakuja kujua. Atakuwa kijana, atawasikia shangazi zake wakitaja jina la babu, atauliza kwa nini yeye hakupewa, na jibu la kwamba tulikuwa tunaogopa ni zito kwa kijana kulibeba.

Wala usikubali kuambiwa kwamba jina ndilo linalomfanya mtu Mkongomani. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inatazama kama mtu ni wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilifanya nchi iliyokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Ndani ya kipimo hicho hakuna mahali palipotajwa namna jina linavyosikika. Askari wa barieri hajaisoma, najua. Ila mtoto wako aijue.

Kwa bahati njema, desturi yetu ya karatasi inatuachia nafasi tatu, na nafasi hizo zinatosha kwa yote mawili. Wengi wetu tunaandikwa jina, kisha postinomu, kisha prenomu. Jina la babu linaweza kukaa mahali pa postinomu, jina la Kiswahili likatangulia, na la ubatizo likafuata. Mtoto ataitwa Amani barabarani na shuleni, na mbele ya wazee wa ukoo ataongeza la pili.

Nafasi hizo tatu zina historia ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa miili yao. Rais Mobutu alipoleta siasa yake ya uhalisi, alikataza majina ya kizungu mwaka 1972. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo, na Kardinali Malula, aliyepinga, alilazimika kwenda kukaa Roma kwa miezi. Ndipo postinomu ilipozaliwa, ya kujaza mahali palipoachwa na Jean na Marie. Baada ya mwaka 1990 majina ya ubatizo yakarudi, lakini postinomu haikuondoka. Ukiona mzee wa miaka hamsini ana majina mawili tu ya kienyeji kwenye karatasi na kanisani anaitwa Étienne, usidhani amebadili jina. Wazazi wake walimpa yote mawili, moja la serikali na moja la siri.

Mfuatano wa Kinande, na Kambale watano darasani

Wanande wa Kibumba na wa Goma wana msaada ambao wengine hawana: jina linafuata mfuatano wa kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana mstari wao, Masika, Kavira, Kavugho, Kahambu na kuendelea. Mzazi hagombani na mtu. Wala usidhani majina haya ni ya mashambani tu: Julien Paluku alikuwa gavana wa Kivu ya Kaskazini kwa miaka mingi, na Nzanzu Kasivita akamfuata, wote wakibeba majina ya namna hiyo.

Shida inakuja shuleni na hospitalini, ambako Kambale wako watano darasani na Kavira wanne kwenye mstari wa chanjo. Ukiwa na jina la mfuatano, weka nguvu zako zote kwenye jina la pili. Hilo ndilo litakalomtenganisha mtoto wako na wenzake siku matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka na majina yamebandikwa ukutani.

Majina ya kanisani nayapita haraka. Dieumerci, Espérance, Exaucé, Plamedi, Gradi, Glodi: yote ni ya kumshukuru, kumsifu au kumtumaini Mungu, na hilo halina kosa. Fikiria tu namna yatakavyokatwa. Espérance atakuwa Espe kabla hajaanza kutambaa, na jina refu la sifa litakatwa mahali usipopenda. Waislamu wa Goma wana siku ya saba ya akika, na siku hiyo inawalazimisha kukata shauri mapema, jambo ambalo mimi naliona ni neema.

Waulize watoto

Wanaosema Kinyarwanda wana desturi nzuri ambayo ningependa kila nyumba iichukue. Siku ya nane baada ya kuzaliwa, mtoto anatolewa nje, watoto wa majirani wanaitwa kula pamoja, na kila mmoja anamtajia mtoto jina. Baba na mama wanasikiliza, kisha wanatoa la kwao.

Ifanye hata kama si mila yenu. Pika chungu cha maharage na viazi, waite watoto wa mtaa, uwatajie jina unalofikiria, unyamaze. Watoto watakuonyesha mara moja utani uliojificha ndani yake: litamalizika na neno gani, linafanana na kitu gani, linaimbwaje. Watu wazima watakusifia jina kwa adabu. Mtoto wa miaka minane hana adabu hiyo, na yeye ndiye atakayekuwa anaita.

Wakati huohuo ukubali kwamba shangazi, bibi na baba mkwe wana neno. Mume na mke ambao wamekwisha kukubaliana kabla ya wageni kuja hawatikiswi. Wasiokubaliana wataona mtoto anatoka matenite na majina matatu, kila ukoo ukiita lake, na mwaka mmoja baadaye kitoto hakijui kigeuke upande gani kikiitwa. Kaeni ninyi wawili kwanza, usiku, kabla ya mwezi wa nane wa mimba.

Siku ya kwenda kuandikisha

Karatasi unayopewa matenite siyo akte ya kuzaliwa. Ni uthibitisho wa muuguzi kwamba mtoto alizaliwa pale, na kazi yake ni kukusindikiza eta sivili. Familia nyingi zinaitunza miaka kumi zikidhani kazi imekwisha, zinashtuka shule inapodai akte. Baba asipokuwepo, mama anatosha. Wote wawili wasipokuwepo, sheria inamruhusu ndugu wa karibu au mtu aliyeshuhudia uzazi.

Andika jina nyumbani kwanza, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi safi ya daftari. Mbele ya meza ya karani usilitamke tu. Kuna watu wanaongea nyuma yako, karani amechoka, masikio yake ni ya kabila lake, na mkono wake unaandika alivyosikia. Hapo ndipo Riziki anapogeuka Liziki, Byamungu anakuwa Biamungu, na Nyira- ya binti wa Kinyarwanda inapungua herufi. Mpe karatasi, anakili. Kabla hujaweka sahihi au kidole, omba uone mstari aliouandika, ushuke na kidole herufi kwa herufi ukilinganisha na karatasi yako. Ukishindwa kusoma, nenda na mtoto wa darasa la nne anayejua kusoma vizuri. Dakika mbili hizo zinaokoa kesi nzima ya mahakama, kwa kuwa shule, kanisa na kadi vitanakili kosa lilelile au kila kimoja kitaleta la kwake, na mtoto ataonekana ni watu watatu.

Amua pia mfuatano, na uufuate kwa watoto wote. Kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina lolote la pamoja, na hatuoni ajabu. Lakini familia nyingi za huku zimeishia Nakivale huko Uganda, na nyingine zimepelekwa mbali zaidi, Marekani na Kanada, ambako fomu hutenganisha jina la mtu na jina la ukoo. Afisa akikuta ndugu wanne wenye majina manne ya ukoo, anauliza maswali, na shauri la kuunganisha familia linakaa. Kwa hiyo chagueni jina moja, la baba au la babu, likae kwa kila mtoto mahali palepale. Mtoto wa kwanza akiwa nalo kama postinomu, wa sita naye awe nalo kama postinomu.

Ukitoka na akte, ipige picha kabla hujafika nyumbani, uitume kwa ndugu wawili walio mbali na Kibumba. Ofisi za huku zimepita mikononi mwa watu mbalimbali, na nyumba zimeachwa wazi zaidi ya mara moja. Karatasi yenyewe ifunge ndani ya plastiki, ikae pamoja na vitu unavyoshika kwanza ukisikia mlio.

Kwa aliyekwisha kutoa jina

Sasa ninakuja kwako wewe ambaye mtoto ana miaka mitano, au kumi na mbili, na jina limeanza kukuchoma.

Tafuta kwanza shaka imetoka wapi. Mara nyingi imetoka kwa jirani: umesikia mtoto mwingine amepewa jina zuri zaidi, au mchungaji amesema jina lako lina roho mbaya. Kama mtoto mwenyewe analibeba bila shida, anageuka ukimwita na analiandika vizuri kwenye kaye yake, liache. Hakuna aombaye mahakama kwa ajili ya maneno ya jirani. Na mchungaji akitaka kuombea jina, aombe; maombi hayahitaji kufuta daftari.

Kama shaka imetoka kwa mtoto, kaa naye. Mweleze siku ile yote, kwa utaratibu, kama unavyomweleza mtu mzima: mlikuwa wapi, nani alikuwepo, mlikula nini, kwa nini neno lile lilikujia. Usianze na kuomba msamaha, maana ukianza hivyo atajua amebeba kitu kibaya. Muulize analotaka. Wengine wakishaisikia habari wanalishika jina kwa nguvu. Wengine wanasema hapana, na hiyo hapana uichukue kwa uzito.

Njia fupi ipo: mfanye atumie jina lake jingine. Mwombe mwalimu mkuu amwite kwa postinomu au prenomu darasani, nyumbani nanyi mgeuze ulimi, na ndani ya muhula mmoja mtaa utafuata. Anayeitwa Mateso Bigirimana Josué hana lazima ya kuitwa Mateso na mtu yeyote. Kwenye biletini majina yote matatu yanabaki kama yalivyo kwenye akte, hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa familia nyingi njia hii inatosha, na ningekushauri uijaribu mwaka mzima kabla ya kufikiria nyingine.

Isipotosha, kuna mahakama. Mtoto mdogo anaombewa na wazazi wake mbele ya mahakama ya watoto. Mtu mzima anajiombea mwenyewe kwenye mahakama ya amani ya mahali anapoishi. Utaeleza sababu ya haki, na jina linalodhalilisha ni sababu nzito, kwa kuwa kifungu cha 58 chenyewe kinalikataza. Beba akte, karatasi za shule, na watu wawili wanaojua mtoto ameteseka vipi kwa jina hilo, mwalimu akiwa mmoja wao ikiwezekana. Usilipe mtu wa mlangoni anayedai atakutengenezea akte mpya bila hukumu. Akte hiyo itakuwa ya uongo, na itakuja kumkamata mtoto siku anapotafuta diplome au pasipoti.

Jina jipya lichague pamoja na mtoto, kwa mambo yaleyale niliyotaja juu: liitwe kwa mbali, watoto wa mtaa walisikie, la babu libaki mahali pake. Hukumu ikitoka, itembeze mwenyewe bila kuchelewa: eta sivili waandike pembeni ya akte, shule wabadilishe daftari lao, parokia au kanisa wabadilishe la kwao, kituo cha afya wabadilishe kadi ya chanjo. Mtoto akiwa darasa la sita, anza na shule, kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa.